Nguo za Dizeli Zinakaa Kwangu, Yeye Anakaa kwa Mkewe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jalada: Tuhuma ya ndoa ya udanganyifu kwa lengo la kupata kibali cha ukaazi
Jina la shahidi: limeandikwa kwenye jalada; mtaani anaitwa Mzee Pasi
Umri: miaka 61
Kazi: dobi
Makazi: kwa dada yake, mtaa wa tatu kutoka dukani kwake
Uraia: raia wa kuzaliwa
Tarehe: Jumatano, 19 Machi. Yameanza kuandikwa saa 3:20 asubuhi.

Mimi ni dobi. Kazi hii nimeifanya miaka arobaini na mitatu, kwanza kwa mjomba wangu, baadaye kwangu mwenyewe. Nina akili timamu, sijanywa kitu zaidi ya chai, na sijaletwa hapa na mtu. Koplo amenionya kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kwamba hilo ndilo limenitoa dukani asubuhi hii, maana kuna karatasi niliyoisaini tarehe 4 mwezi huu, na karatasi hiyo ndiyo inayomfukuzisha mtu nchini. Ijumaa hii, saa mbili asubuhi, anapelekwa mpakani.

Mtu mwenyewe ni mume wa Mwalimu. Mwalimu anafundisha watoto wa chekechea, shule iliyo mkabala na duka langu, na ni raia. Mumewe si raia. Alivuka mpaka miaka sita iliyopita kuja kufunga jenereta kwenye viwanda, kisha akabaki kuzitengeneza kila zinapozingua. Sisi tunamwita Dizeli, na ukikaa naye dakika mbili hutauliza kwa nini. Walioana miaka minne iliyopita kwa msajili, saa nne asubuhi. Saa naijua kwa sababu shati la bwana harusi nililipiga pasi mimi, na alikuja kulichukua saa tatu na dakika arobaini jasho likimtoka. Nilimwambia alibebe kwenye henga, alivae akifika. Hakusikia. Kwenye picha yao shati lina mkunjo begani, na kila nikiiona ile picha naumia.

Kibali chake cha kuishi nchini kinasimama juu ya ndoa hiyo. Ikisemwa ndoa ni ya uongo, kibali kinakufa, na mtu anarudishwa kwao. Mwalimu alinieleza hivyo, na Koplo amesema ndivyo sheria ilivyo.

Sasa nieleze habari za nguo, kwa sababu bila nguo hakuna atakayeelewa kitu. Mwalimu ana pumu. Mnamo Januari, miaka mitatu iliyopita, Dizeli alirudi nyumbani na ovaroli lake la kazi limelowa mafuta, na ile harufu ikambana mke wake kifua mpaka akalazwa siku mbili. Siku aliyoruhusiwa, Dizeli alikuja dukani kwangu saa kumi na mbili jioni.

Akasema, "Mzee, nina ombi."

Nikamwambia, "Kama ni la haraka, njoo kesho."

"Si la haraka. Ni la kila siku."

Aliomba awe anapitia kwangu akitoka kazini, avue ovaroli chumba cha nyuma, aoge, avae nguo safi ndiyo aende kwa mkewe. Asubuhi apitie tena, avae ya kazi. Nikamwambia duka langu si nyumba ya wageni. Akabaki amesimama pale mlangoni na mikono yake myeusi ameiweka nyuma, kama mtoto aliyeshikwa akiiba sukari. Nikaona nitaonekana mtu mbaya bure. Nikampigilia misumari miwili ukutani karibu na dirisha, nikampa beseni, na kuanzia siku ile mpaka anakamatwa hajawahi kukosa, isipokuwa akiwa safarini kwenye jenereta za mbali. Ana taulo lake kule nyuma, sabuni, ndala, na kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Pia kuna mkeka, lakini mkeka ni wangu. Najinyoosha mchana kwa sababu ya mgongo.

Nguo zake nilizitenga na za mkewe. Hili nalo nataka liandikwe vizuri. Kila nyumba ninayoifulia ina uzi wake, natia nukta ndogo ndani ya kola au kwenye pindo, ili nguo za watu zisichanganyike. Mwanzoni nyumba ya Mwalimu ilikuwa na uzi mmoja, wa buluu. Kisha siku moja ovaroli la Dizeli likaingia beseni moja na mashati ya wakili mmoja, na wakili yule akasimama mbele ya hakimu akinuka kituo cha mafuta. Maneno aliyonirudishia siwezi kuyasema mbele ya Koplo. Nikampa Dizeli uzi wake peke yake, mweusi, na furushi lake peke yake. Kwa hiyo ukija dukani kwangu bila kuuliza, utaona watu wawili wasiohusiana, mmoja wa uzi wa buluu na mwingine wa uzi mweusi. Ni dizeli tu iliyowatenganisha.

Mnamo Jumanne, tarehe 4 Machi, saa tano asubuhi, walikuja maafisa wawili wa uhamiaji, mmoja mwenye faili na mwingine wa kupiga picha kwa simu. Jana yake walikuwa wamekwenda nyumbani kwa Mwalimu kukagua, wakati Dizeli yuko safarini. Hawakuniambia walichokikuta. Baadaye Mwalimu aliniambia walikuta kabatini mashati mawili ya kiume na suruali moja, wakamwuliza mume gani huyo asiye na nguo. Akawaambia nguo ziko kwa dobi. Wakacheka kidogo, ndiyo wakaja kwangu.

Mwenye faili akanionyesha picha ya Dizeli. Akauliza, "Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu."

"Nguo zake ziko hapa?"

"Ziko."

"Tunaweza kuziona?"

Nikawapeleka nyuma. Wakaona ovaroli mbili kwenye misumari, fulana, taulo, ndala, sabuni, kioo, na ule mkeka wangu. Yule wa simu akapiga picha kila kitu, hata beseni.

"Hizi zinakaa hapa?"

"Zinakaa hapa."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Na zina alama moja na nguo za yule mwanamke?"

"Hapana. Yeye uzi wake mweusi, mama uzi wake wa buluu."

"Huwa zinaletwa pamoja?"

"Hapana."

Akaandika. Akanisomea. Nikasaini. Kila neno kwenye karatasi ile lilikuwa kweli, na karatasi nzima ilikuwa uongo.

Koplo ameniuliza kwa nini sikueleza habari za pumu. Ni swali la haki. Jibu ni kwamba nilifundishwa hivyo. Mjomba wangu, siku ya kwanza aliponiingiza kazini, aliniambia, "Dobi ana mikono, hana mdomo." Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya nyumba aijuaye dobi. Najua nani analia kwenye foronya, nani amepungua, nani ana kidonda anachomficha mumewe, nani amerudi na manukato ambayo si ya nyumbani kwake. Dobi akianza kuyasema hayo mtaa mzima utawaka moto, na yeye hatapata hata soksi ya kufua. Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za mteja, najibu alichouliza na hapohapo nafunga mdomo. Siku ile nilipofunga mdomo nilijiona nimewalinda. Nilijua wanachunguza ndoa ya watu, nikasema moyoni, kutoka kwangu hawapati kitu. Kumbe nilikuwa nimeshawapa kila walichokuwa wanakitafuta.

Mnamo Alhamisi, tarehe 6 Machi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Dizeli alikuwa chumba cha nyuma anavaa ovaroli, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Maafisa walewale wakaingia na askari wawili. Hawakwenda nyumbani kwake, walikuja moja kwa moja dukani. Mwenye faili akamtazama, akamwambia mwenzake, "Si nilikwambia anaishi hapa."

Niliwaambia haishi hapa. Niliwaambia amekuja sasa hivi kutoka kwa mkewe. Mwenye faili akanijibu kwa adabu tu, "Mzee, tuna sahihi yako."

Dizeli hakubishana nao. Aliomba avue ovaroli avae suruali, wakamruhusu. Alipofika mlangoni akageuka akaniambia, "Mzee, mwambie Mwalimu ile dawa yake ya kuvuta iko juu ya friji, nyuma ya redio. Jana aliitafuta." Wakaondoka naye. Nilifunga duka saa moja kamili asubuhi, jambo ambalo sijalifanya tangu nizikwe... tangu nimzike mjomba wangu. Koplo amecheka hapo. Nimemwambia aandike hivyohivyo nilivyosema, nisije nikaambiwa nimebadilisha maneno.

Koplo ameniuliza, ukiacha maneno ya watu, mimi mwenyewe najuaje kwamba wawili hawa wanaishi kama mke na mume. Hapa ndipo mdomo unapokuwa mzito, maana ni kumvua mtu hadharani. Lakini maji nimekwisha kuyavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Najua kwa mashuka. Mashuka ya nyumba ile nayafua kila Jumamosi, miaka minne sasa. Yanakuja na foronya mbili. Moja ina mafuta ya nywele ya Mwalimu. Nyingine ina mstari mweusi pembeni, mwembamba, usiotoka kwa sabuni wala kwa jiki, kwa sababu mtu anayetengeneza jenereta anaweza kuoga mpaka maji yaishe mtaani, nyuma ya masikio dizeli inabaki. Ningemletea afisa foronya hiyo anuse, asingehitaji cheti cha ndoa.

La pili ni uchakavu. Shuka la mtu anayelala peke yake huisha katikati. La wawili huisha pande mbili, kila mtu na shimo lake. Ya nyumba ile yameisha upande mmoja tu, upande wa ukutani, na upande wa pili bado mzima kama umetoka dukani leo. Maana yake kitanda ni kipana lakini wenyewe wanabanana kona moja. Koplo ameinamisha kichwa. Nimemwambia, andika afande, usione aibu, mimi mwenyewe nimeona aibu miaka minne nikikunja hayo mashuka.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hasa.

Mnamo Jumatatu, tarehe 17 Machi, saa kumi na nusu jioni, Mwalimu alikuja dukani. Hakuwa na furushi la nguo. Alikaa kwenye kigoda karibu na meza ya pasi, mkoba mapajani. Amekonda. Akanieleza kwamba wiki iliyotangulia waliitwa wote wawili ofisi ya uhamiaji, wakawekwa vyumba mbalimbali, wakaulizwa maswali yaleyale. Aliambiwa mumewe anaondoshwa Ijumaa saa mbili asubuhi, isipokuwa yeye mke alete pingamizi lililosainiwa, pamoja na ushahidi mpya, kabla ya saa sita mchana wa Alhamisi.

Nikamwuliza, "Hilo pingamizi umelisaini?"

"Sijasaini."

"Sasa unasubiri nini, mwanangu? Zimebaki siku tatu."

Akafungua mkoba, akanionyesha karatasi. Kweli, mahali pa sahihi palikuwa patupu.

"Mzee," akasema, "alimkana mtoto."

Akaendelea mwenyewe. Akasema maswali yote majibu yao yalilingana. Rangi ya pazia, upande anaolala nani, majina ya dawa zake, hata idadi ya vikombe visivyo na mkono. Kisha wakamwuliza kama amewahi kushika mimba ndani ya ndoa ile. Akasema ndiyo, mara moja, mwaka jana, ikaharibika ikiwa ya miezi mitatu. Afisa akafungua karatasi ya mumewe, akamsomea. Swali lilikuwa lilelile. Dizeli alijibu, "Hapana. Hatujawahi." Afisa akamwambia, "Mama, mume gani huyo hajui kwamba mkewe alibeba mimba?"

Hakuwa na cheti cha kuwaonyesha. Ilitokea nyumbani, na hakutaka kwenda hospitali, hakutaka mtu yeyote amwone.

Akaniambia, "Pazia alilikumbuka, mzee. Vikombe alivikumbuka. Mtoto ndiye akasema hapana. Kama kwake haikuwa kitu, mimi nimpiganie nini? Basi wamchukue."

Hakulia. Alisema polepole, kama anamsomea mtoto barua. Mimi nilikuwa na pasi mkononi, nikaisahau juu ya shati la mteja, likaungua kifuani. Tangu nianze kazi hii sijaunguza shati la mtu. Nikaizima pasi, nikakaa chini kwenye sakafu, kwa sababu kigoda kilikuwa kimoja.

Nilichomwambia Mwalimu jioni ile ndicho ninachokisema sasa, na nakisema nikijua kwamba niliahidi kutokisema.

Mnamo Jumanne, tarehe 11 Juni mwaka jana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilifika kufungua duka nikamkuta Dizeli amesimama mlangoni. Si kawaida yake kunitangulia. Alikuwa ameshika kitu chini ya koti, amekikumbatia kwa mikono miwili. Nilipofungua, aliingia moja kwa moja mpaka nyuma, akakiweka kwenye beseni. Lilikuwa shuka. Jeupe, la kitanda kikubwa. Lilikuwa na damu, na dobi hahitaji kuambiwa damu ipi ni ya kukatwa kidole na ipi siyo.

Nikamwuliza, "Mwalimu yuko wapi?"

"Amelala. Nimemwachia maji karibu."

"Mpeleke hospitali."

"Hataki. Nimembembeleza tangu usiku. Hataki mtu amwone, hataki mtu ajue, hata mama yake asijue. Nimemwahidi." Kisha akasema, "Mzee, lifue. Likishindikana lichome. Yeye asilione tena. Na wewe usimwambie mtu, hata yeye usimwambie kwamba umelishika."

Nikamwambia sawa.

Akasema, "Jana tulikuwa watatu."

Akageuza beseni jingine, akalikalia, akalia. Alilia kimya, mabega tu yanatikisika. Nilitaka kumwambia ajikaze kisabuni, lakini hayo ni maneno ya mtu aliyedondosha simu. Nilisimama karibu naye na nikaweka mkono kichwani kwake, na yeye ni mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Baadaye alinawa uso, akavaa ovaroli, akaenda kazini, kwa sababu jenereta ya kiwanda cha barafu ilikuwa imezima na walikuwa wanamsubiri. Tangu siku ile hatujawahi kulizungumza. Asubuhi njema, jioni njema, basi.

Nililifua shuka lile mara tatu, kwa maji baridi na chumvi, kwa sababu maji ya moto huipika damu ikashika. Lilikuwa limekauka mno. Kivuli kimebaki, hafifu, rangi ya chai iliyomwagwa maziwa mengi. Nilipaswa kulichoma. Niliwasha hata kiberiti, mkono ukakataa. Nililipiga pasi, nikalikunja, nikalifunga kwenye karatasi ya kaki, nikaliweka rafu ya juu kabisa. Limekaa huko miezi tisa.

Hayo ndiyo niliyomwambia Mwalimu tarehe 17, mimi nikiwa sakafuni na yeye kwenye kigoda. Nje watoto wake wa shule walikuwa wanachukuliwa na wazazi, mmoja akamwita kwa nguvu, hakugeuka.

Kisha akasema, "Aliniambia amelitupa jalalani."

Nikamwambia, "Hakulitupa."

"Nilimwambia asimwambie mtu. Yeyote. Nilimwapisha."

Nikamwambia, "Mwanangu, basi alifanya ulivyomwambia. Wamemweka mbele ya watu wanaoweza kumtupa nje ya nchi, wamemuuliza siri yako, akasema hapana."

Hapo ndipo alipolia, na akalia kweli. Nilitafuta kitambaa safi, na kwa dobi vitambaa safi havikosekani. Alipomaliza akaniomba kalamu. Alisaini juu ya meza ya pasi, ubao ungali wa moto. Sahihi imepinda kidogo. Nimeambiwa haidhuru.

Akauliza, "Bado lipo?"

"Lipo."

"Usinionyeshe. Wapelekee. Wakisema lazima walione, lifunguliwe na mwanamke, na lisifunguliwe mbele ya watu."

Nimelileta. Liko mbele ya Koplo hapa mezani, kwenye karatasi yake. Tarehe niliiandika juu ya karatasi hiyo kwa mkono wangu siku ileile niliyolifunga, na wino unaonekana ni wa zamani. Kwa hiyo mke alisema kweli, na mume aliposema hapana, alisema kwa kiapo cha mkewe. Majibu yao hayakulingana kwa sababu ni mke na mume. Watu wa kuigiza wangekuwa wamepanga jibu moja.

Karatasi niliyoisaini tarehe 4 Machi naikana. Siyo kwamba ina neno la uongo. Naikana kwa sababu nilijibu habari za nguo wakati naulizwa habari za mtu. Nguo za Dizeli zinakaa kwangu. Yeye anakaa kwa mkewe.

Dizeli nimevunja ahadi niliyompa, na hajui. Akitoka nitamwambia mwenyewe. Akitaka kuhamishia nguo zake kwa dobi mwingine ni haki yake, sitamlaumu. Lakini amwambie huyo dobi mpya juu ya dizeli, asije akaharibu mashati ya watu.

Haya nimeyaona kwa macho na nimeyashika kwa mikono hii. Koplo amenisomea yote, nimemsahihisha mahali pawili, na sasa yako sawa. Sina la kuongeza.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo wa kike wa zamu, kwa mkono wangu, katika chumba namba 3, kuanzia saa 3:20 hadi saa 5:45 asubuhi. Shahidi alizungumza kwa hiari. Alipumzika mara moja na kuomba maji ya kunywa.

Kielelezo kilichopokelewa: shuka moja, limefungwa kwenye karatasi ya kaki yenye tarehe 11 Juni.

Saa 7:10 mchana nilipeleka nakala ya maelezo, pingamizi la mke, na kielelezo, ofisi ya uhamiaji. Afisa wa faili aliyemkamata mtuhumiwa ndiye aliyekuwepo. Aliniomba afungue karatasi ahakiki. Nilimwambia asome kwanza. Alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akasoma ukurasa wa mwisho mara ya pili. Alibaki muda ameweka mkono juu ya ile karatasi ya kaki. Baadaye akaandika kwenye jalada kwamba safari ya Ijumaa isimamishwe mpaka shauri lisikilizwe, na kwamba mke aruhusiwe kumwona mumewe leo.

Katika nafasi ya "Kielelezo kimehakikiwa" ameweka sahihi yake. Karatasi haikufunguliwa.